Nyama Mbichi ya Kaniki

Nakumbuka, mwanangu, na wewe ndiye uliyenikumbusha. Jana ulisimama mlangoni ukamtupia mbwa wako kipande cha nyama mbichi kwa mbali, kama mtu anayemwaga maji machafu. Kikaanguka kwenye matope. Mbwa akakiokota, wewe ukacheka, ukarudi kwenye radio yako. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nachambua sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nasikia sauti ya mtu aliyekufa zamani ikiniuliza: "Unamutupia?"

Leo nakuandikia. Mimi niliishia darasa la tatu kwa masista, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Tena sitaficha majina. Waliotenda nitawataja, maana nimechoka kukumbuka peke yangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Tulikaa Bagira, kwenye nyumba zile za matofali zilizofanana kama mayai. Baba alikuwa dereva wa kamio, lori la mizigo, siku nyingi yuko barabara ya Uvira, analala Sange, anarudi na harufu ya mafuta na samaki wa ndagala. Mama alifua nguo kwa Mzungu mmoja kule Muhumba, karibu na ziwa. Mimi, Furaha, nilikuwa msichana, matiti yameshaota kifuani, nikiwalinda wadogo zangu na kuosha matumbo ya ng'ombe kwa wamama waliouza utumbo karibu na machinjio.

Ndipo Koko akaja. Koko ni babu yangu, baba yake Mama, mwindaji wa kule Mwenga. Nyanya alikuwa amefariki, magoti ya Koko yalikuwa yamekataa milima, na Mama alimwambia Baba: "Umupakie kwa kamio yako, sitaki baba yangu akufe peke yake." Baba akampakia. Koko akashuka mbele ya nyumba yetu na mkuki usio na kazi, kifurushi kimoja, na mbwa mweusi jina lake Kaniki.

Mbwa huyo hakubweka. Mbwa wa porini kwetu wako hivyo, wanaguna tu na kulia kidogo kama mtoto anayeota. Kwa hiyo mwindaji humfunga kengele ya mti shingoni, asikie anakokimbilia. Kaniki alikuja nayo, lakini Koko alikuwa ameishindilia majani makavu ndani isilie. "Hapa hakuna kitu ya kufukuza," alisema. Nilimwona anavyoisema, nikajua hakuwa anamsemea mbwa peke yake.

Siku za kwanza Mama alimwekea Kaniki bugali na maji ya maharagi. Kaniki alinusa, akaondoka, akalala. Kesho yake vilevile. Mbavu zikaanza kuonekana, manyoya yakawa kama vumbi.

"Imbwa ya kuchagua chakula!" Mama akasema. "Miye mwenyewe sichague, yeye anachagua?"

Koko hakukasirika. Alimwita Mama "mama" kwa upole, kama wazee wanavyowaita binti zao, akamweleza. Mimi nilikuwa pembeni nikisikiliza.

Kwao, mnyama akianguka porini, mbwa ndiye anayefika wa kwanza. Watu bado wako nyuma wanahangaika na miiba. Mbwa akiwa na njaa na hana adabu, watu watafika wakute mifupa. Kwa hiyo mbwa anafundishwa tangu mtoto: hagusi nyama, hata damu iko mbele ya pua yake, mpaka mwenyewe afike. Na mwenyewe naye ana sheria yake. Akifika, kabla kisu hakijakata nyama ya mtu yeyote, anakata kwanza ya mbwa. Anaiweka kwenye jani, anapiga goti, anampa kwa mkono na kumwambia: "Fungu yako njo hii," yaani fungu lako ndilo hili. Ikiwa mbichi, ikiwa na joto lake.

"Kwa nini mbichi, tate?" Mama akamuuliza baba yake. "Angoje ipikwe, ale na batoto."

"Yeye hana moto. Ukimuambia angoje chungu, umemuambia angoje makombo. Ameshangoja mara moja pale porini. Usimungojeze mara mbili."

Baadaye jioni, Mama alipoleta nyama kidogo ya Jumapili, Koko alimwambia: "Yangu usipike." Tangu siku ile, kila tulipopata nyama, fungu la Koko lilibaki bichi. Yeye alikula bugali na sombe, akisifu chumvi, na Kaniki alikula fungu hilo nyuma ya nyumba. Mzee anajinyima nyama kwa ajili ya mbwa! Mama alikuwa anageuza uso.

Mimi nami nikaanza kuleta. Wamama wa utumbo walinipa kipande cha pafu, au kipande cha moyo, au mfupa wenye nyama kidogo. Koko alipokea, akanusa, akapasua pafu taratibu kwa kisu. Akiona ndani vifuko vidogo vya maji, alitupa lote motoni, hata kama ndilo tulilokuwa nalo. "Hii inaingia ndani ya imbwa," alisema, "na toka kwa imbwa inakuja kwa batoto." Mfupa mbichi alimpa. Mfupa uliopikwa hakumpa kamwe, alisema unavunjika kama sindano na kumchoma matumbo. Tena hakumshibisha siku ya kwanza, maana tumbo lililolala njaa halipigiwi ngoma ghafla. Kipande kama kidole gumba, kesho kama viwili, hivyo hivyo. Ini kidogo, si kila siku. Halafu alinituma sabuni, tunaosha mikono wote wawili mpaka viwiko.

Haikuchukua muda, Kaniki akang'aa. Ukimpapasa, mkono unateleza kama kwenye chupa.

Sasa nikwambie juu ya Anaklete. Alikuwa kapita wetu, msimamizi wa nyumba zile, nyumba yake inatazamana na yetu. Alikuwa anaitafuta ile kadi ambayo Wazungu walimpa Mwafrika waliyemwona amestaarabika. Kwa hiyo alitoa meza nje, akaitandika kitambaa, akala bugali kwa uma mbele ya macho ya kila mtu. Bugali kwa uma, mwanangu! Ilikuwa inamdondokea kwenye shati. Ndani ya nyumba hiyo alikaa pia shemeji yake Deo, kaka ya mke wake, kijana mnene asiye na kazi.

Siku moja Anaklete alimwona Koko amekaa nyuma ya nyumba, jani mapajani, nyama mbichi juu ya jani. Hakungoja kuona inakwenda mdomo gani. Kesho yake kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza Mama alipofika, mpaka mmoja akashindwa kuvumilia.

"Maman Furaha, ni kweli muzee wenu anakulaka nyama mbichi?"

Mama alicheka mpaka akamwaga ndoo. "Anakulaka. Na anasema weye njo wa kesho, maana uko na mafuta ya kutosha."

Wakacheka wote, lakini neno lilishatoka. Anaklete mwenyewe alikuja akasimama kwenye mlango wetu, mikono nyuma. "Mama Furaha, imbwa ya kula mbichi inarudia pori. Leo pafu, kesho kuku, siku ingine mutoto. Hapa tuko mu cité, mu muji, hatuko mu pori."

"Kapita," Mama akamwambia, "kule ninafua, Madame iko na imbwa kubwa, jina yake kama ya mutu. Inakula nyama ya ng'ombe, mbichi, mu sahani ya bati yenye maua, na yai juu. Miye njo nafua kitambaa ya chini ya sahani. Ile haitarudia pori?"

Anaklete alifikiri. "Ile imezoea," akasema, akaondoka.

Haikupita juma, mbuzi wa Anaklete akapotea. Mbuzi jike, mwekundu, alikuwa anamfunga kando ya njia ya kwenda Kasha, inayopanda mlimani. Kamba ilibaki, mbuzi hakuna. Asubuhi ileile alikuja na chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, mzee Bonifasi, mtu mwenye sauti ndogo na woga mkubwa, na nyuma yao watu wengi, na Deo amebeba rungu.

"Imbwa yenu imekula mbuzi yangu," Anaklete akasema.

"Yote?" Mama akauliza. "Na pembe?"

"Usinicheke, mama. Batu ba higiene, ba afya, banakuja kukagua kartie. Nitabaambia nini? Leo imbwa hii inakufa. Deo!"

Deo akasogea. Mimi nilimkumbatia Kaniki shingoni, nikasikia moyo wake unapiga mkononi mwangu. Mbwa alikuwa ametulia, anautazama tu mlango aliko Koko.

Koko alitoka ndani polepole akishika ukuta. Alimsalimia Bonifasi kwanza, akamuuliza habari ya nyumbani, akamuuliza kama amelala vizuri, mpaka Anaklete akaanza kukanyaga chini kwa hasira. Ndipo akasema:

"Chefu, leteni nyama mbichi. Muiweke chini, mbele ya Kaniki. Miye nitatembea njia ya Kasha mpaka musinione, kisha nitarudi. Nikikuta ameigusa, rungu iko hapo. Miye mwenyewe nitamushika. Nikikuta hajaigusa, mumuache na maisha yake."

Watu wakapiga kelele, wengine wanacheka. Imbwa mbele ya nyama? Bonifasi alifurahi, maana jambo lilikuwa limetoka mikononi mwake. "Ni sawa. Nani atatoa nyama?"

Hapo, mwanangu, tazama jinsi tamaa ya kummaliza mtu inavyompofusha mwenye nayo. Deo alisema: "Miye!" Akakimbia nyumbani kwao, akarudi hata jasho halijamtoka, na pande zuri la nyama mbichi. Akalibwaga mbele ya Kaniki, karibu limguse pua.

Koko alilitazama pande hilo muda kidogo. Alimwambia Kaniki "Ngoja," akachukua fimbo yake, akaanza kutembea.

Sijui njia ile ya Kasha ilikuwa na urefu gani siku hiyo. Kwa magoti yake ilikuwa safari. Tulimwona anapita migomba, anapanda, anasimama kushika kiuno, anapanda tena, kisha kona ikammeza. Kaniki alikuwa amekaa. Mate yalianza kumtoka, yanaanguka juu ya udongo, uzi kwa uzi. Mwili wote ulikuwa unamtetemeka kama wa mtu mwenye malaria. Kumbuka alikuwa hajala tangu jana yake. Macho yake hayakuwa kwenye nyama. Yalikuwa kwenye kona ile.

Koko hakurudi upesi. Jua lilipanda. Nzi wakaja kwenye nyama. Watu wakaanza kunong'ona kwamba muzee ameanguka, muzee amekimbia. Deo akaona mambo yanachelewa, akachukua kijiti, akaisukuma ile nyama mpaka ikagusa midomo ya Kaniki.

"Kula, we nyama ya pori! Kula!"

Kaniki aligeuza kichwa pembeni, kama mtu mwenye heshima anayeonyeshwa jambo la aibu. Na akalia, ile sauti yake ya mtoto anayeota. Mimi nilikuwa nalijua neno. Nililisikia kila siku nyuma ya nyumba. Lilinijia mpaka kwenye meno: fungu yako njo hii. Ningelisema, njaa yake ingeisha, na rungu lingeshuka. Nilijiziba mdomo kwa kitenge.

Hapo watu walikuwa wameacha kucheka. Mama alikuwa ameinama anaitazama nyama, yeye anayefua damu na mafuta kwenye vitambaa vya Mzungu kila siku.

"Deo, kaka yangu," akasema taratibu kabisa, "leo hawajachinja. Furaha hajaenda kuosha matumbo sababu hawajachinja. Nyama hii umeitoa kwa nani?"

Deo akarudi nyuma hatua moja. Watu wote waliinama. Kwenye ukingo wa pande lile kulikuwa kumeganda nywele kidogo, fupi, nyekundu.

Hakuna aliyesema neno "mbuzi". Bonifasi alianza kutazama mlima. Anaklete alikuwa amesimama kama mtu aliyevuliwa shati barabarani, anamtazama shemeji yake. Ndipo Koko akatokea kwenye kona. Alikuwa ameshindwa na magoti, akapumzika juu ya jiwe, ndiyo maana alichelewa. Alikuja hatua kwa hatua, akafika, akaona nyama iko nzima, akaona nyuso zetu.

Nilidhani atampa Kaniki sasa. Aliinama kwa taabu, akaokota lile pande, akalipangusa nzi na udongo kwa ukingo wa koti lake. Akalibeba kwa mikono miwili mpaka mbele ya Anaklete, akamnyooshea.

"Kapita," akasema, "fungu yako njo hii."

Anaklete alilipokea. Angefanya nini? Watu waliondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga. Deo hakuitwa kokote, hakuna aliyemfunga. Wakubwa wa kartie walikaa, wakala, mambo yakafungwa humo humo, na kesho yake Anaklete alikula tena kwa uma. Hakuna aliyekuja kumwomba Koko msamaha. Wala kumwomba mbwa.

Na Kaniki alibaki na njaa yake. Alirudi na Koko nyuma ya nyumba, akalala na kidevu juu ya mguu wa mzee. Koko naye alikuwa amechoka mpaka midomo imekuwa ya majivu.

Mimi nilikimbia kwa mmoja wa wamama wa utumbo, yule aliyenipenda. Nilimweleza, akanipa moyo wa ng'ombe aliobakiza jana kwa ajili ya watoto wake. Bado haukuwa umeharibika. Nilirudi mbio, nina furaha, jua bado liko juu ya milima. Nilipofika nyuma ya nyumba, nikaita, "Kaniki, shika!" na nikautupa.

Ulianguka mbele yake. Kaniki alinyanyua kichwa, akautazama, akanitazama mimi, akalaza kichwa tena.

"Unamutupia?" Koko akauliza.

"Koko, nimekimbia nao toka…"

"Nimeona umekimbia. Nakuuliza, unamutupia? Ulimuona leo. Mate inamutoka, kijiti inamusukumia nyama, kama mulivyoniambia, na anangoja mukono ya mutu wake. Kazi yote ile alifanya kwa ajili ya mukono. Sasa weye unamupa nyama, unamunyima mukono." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenipiga. "Mutu mwenye kutupia hajatoa, Furaha. Ameondoa tu kitu mbele yake."

Nilienda nikauokota ule moyo, nikauosha, nikakata jani la mgomba. Nikapiga goti kwenye udongo. Mikono yangu ilikuwa inanuka matumbo kama kawaida, wasichana wenzangu walikuwa wananicheka kwa harufu hiyo. Nikasema, "Kaniki, fungu yako njo hii."

Kaniki alimtazama Koko. Na Koko, mwanangu, aligeuza uso. Alitazama ukuta wa jirani kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Mbwa alingoja kidogo, halafu akanitazama mimi. Akaja. Akaula moyo ule polepole kutoka mkononi mwangu, meno yake hayakunigusa hata ukucha, na alipomaliza alinilamba vidole kimoja kimoja, harufu ile na yote.

Koko alikuwa bado ametazama ukuta. "Sawa," akasema. "Sasa hata miye nikiondoka, atakula."

Nikaelewa basi kwa nini alikuwa ananiita kila siku nikae pembeni nione. Mvua zilizofuata aliondoka kweli duniani, kwa ugonjwa wa kifua. Kaniki alilala mlangoni siku hizo, kisha akala kwangu, mpaka uzee ulipomchukua naye. Kengele yake iko ndani ya sanduku langu, na majani yaleyale.

Yaliyofuata unayajua nusu. Uhuru ukaja, Madame akafunga mizigo, na kwa miaka yote ya kufua akamwachia Mama ile sahani ya bati yenye maua. Sahani ya mbwa. Alimkabidhi kwenye ngazi, kwa vidole viwili, akidhani ametoa. Mama hakuwahi kula humo. Halafu vikaja vita, askari wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume, na Deo yuleyule ndiye aliyewaonyesha ya kwetu kwa kidole, akasema, "Hii njo nyumba." Nilikuwa nimeshaolewa; mume wangu walimtoa mbele yangu, sijamwona tena. Mimi nilipanda njia ileile ya Kasha na mtoto mgongoni mpaka kijiji cha Miti. Deo amezeeka vizuri, ananisalimia kwenye misa. Naitikia. Lakini jina lake liko hapa, kwa mkono wangu.

Nimekula kwa wengi tangu hapo. Nimetupiwa bugali na watu wenye bugali nyingi, nimepewa nguo za msaada kwa kutupiwa toka juu ya kamio, tunagombania kama kuku. Kila mara nilikuwa nasema moyoni: Koko alikuwa mtu wa porini, na hakumtupia mbwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Umechagua kumlisha mbwa wako mbichi, vizuri, usisikilize wanaosema atakuwa mkali. Ukali anafundishwa na mkono unaomlisha, nyama haina kosa. Mpe iliyo safi, uinuse kwanza, uipasue uone ndani. Mfupa wa chungu usimpe. Osha mikono yako na ya watoto wa nyumba. Mfundishe kungoja, lakini usimchezee njaa yake kama Deo na kijiti chake. Na ukishampa, mpe kweli: karibu, kwa mkono, ukimtaja jina. Ukizoea hivyo kwa mbwa, siku utakapokuwa na mke, na mfanyakazi, na mama mzee anayechambua sombe mlangoni, mkono wako utajua wenyewe njia.

Mungu akujalie chakula, mwanangu, na akujalie magoti ya kukitolea. Usiwahi kutupiwa. Anayekupenda akufikie karibu, akutazame machoni, akwambie kilicho chako ni hiki.

Sasa zima hiyo radio. Mbwa wako yuko nje, hajala tangu asubuhi, na kwenye jani la mgomba hapa mezani nimekuwekea ini lake.